Shamba likiwa mlangoni, nani anamkinga mtoto aliye tumboni?

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA Ilula mkoani Iringa, Ngarenanyuki wilayani Arumeru au kwenye mabonde ya Lushoto wakati wa msimu wa mboga, jambo moja utaliona haraka. Nyumba na shamba havina mpaka. Mstari wa kwanza wa nyanya unaanzia hatua chache kutoka ukuta wa jiko, na kamba ya kuanikia nguo inapita juu ya kabichi.

Baba anapobeba bomba mgongoni kwenda kupulizia dawa, mama hahami. Yupo pale pale anachambua mboga, anachota maji au anaanua nguo za watoto. Hata kama ni mjamzito yupo, kwa sababu hana pa kwenda na kazi za nyumbani hazisubiri.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wakulima wengi hawajawahi kumuuliza bwana shamba wala muuguzi wa kliniki: Je, dawa inayopulizwa kando ya nyumba humfikia mtoto aliye tumboni? Na ikimfikia, inamfanya nini?

Jibu fupi ni kwamba inaweza kumfikia, na madhara yameonekana wazi zaidi pale dawa inapokuwa nyingi. Hata hivyo, familia haihitaji kuhama shamba ili kumkinga mtoto. Inahitaji kupunguza kiasi cha dawa kinachomfikia mama, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fedha.

California walihesabu kila kilo

Ushahidi mkubwa kuhusu jambo hili umetoka mbali, katika Bonde la San Joaquin, jimboni California nchini Marekani. Bonde hilo hulima zabibu, lozi, nyanya, machungwa na pamba kwa wingi, na maelfu ya familia zinaishi katikati ya mashamba.

Sababu ya kuanzia huko ni kumbukumbu zao. Tangu mwaka 1990 mkulima wa California anatakiwa kisheria kutoa taarifa ya dawa aliyopuliza shambani: ni dawa gani, kiasi gani, lini na wapi. Taarifa hizo zikilinganishwa na vyeti vya kuzaliwa, inawezekana kujua ni mama yupi aliishi karibu na dawa nyingi wakati wa ujauzito na mtoto wake alizaliwa katika hali gani.

Ndivyo walivyofanya watafiti Ashley Larsen, Steven Gaines na Olivier Deschênes wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Walipitia kumbukumbu za zaidi ya watoto 500,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1997 na 2011, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017 katika jarida la Nature Communications.

Kwa wajawazito walio wengi, hawakuona tofauti. Tofauti ilijitokeza kwa asilimia 5 ya juu kabisa, yaani wale walioishi mahali palipopulizwa dawa nyingi kuliko kwingine, takriban kilo 4,200 kwenye eneo lililowazunguka katika kipindi chote cha mimba. Kwa kundi hilo, matatizo wakati wa kuzaliwa yaliongezeka kwa asilimia 5 hadi 9.

Matatizo hayo ni mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya wiki 37, ambaye wengi tunamwita njiti, kuzaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5, na kuzaliwa na kasoro za mwili.

Tuliweke kwa hesabu ya sokoni. Kama katika kundi la kawaida wajawazito 100 kati ya 1,000 wangepata tatizo fulani, katika kundi lile la juu wangekuwa 105 hadi 109. Si tofauti ya kumtia mtu hofu akakimbia shamba, lakini kwa familia iliyoangukiwa na ile nyongeza, hasara ni kubwa. Mama analala hospitali na njiti wake katikati ya msimu, nauli zinakwenda kila siku na nyanya zinaiva bila mvunaji.

Tusizibebe namba hizo zilivyo

Mkulima wa ekari moja wa hapa nchini hatumii kilo 4,200 za dawa. Kwa hiyo namba za California haziwezi kuletwa kwetu kama zilivyo.

Lakini kuna upande mwingine wa kufikiria. Kule watafiti walipima dawa iliyopulizwa katika eneo lenye upana wa kilometa 1.6 hivi, na mara nyingi anayepuliza ni mtu mwingine mwenye trekta au ndege. Kwetu umbali unahesabiwa kwa hatua. Anayepuliza ni mume, anayechota maji ya kuchanganyia ni mke, na kopo la dawa linalala ndani pamoja na familia.

Mjamzito wa California alikuwa jirani wa shamba. Mjamzito wetu mara nyingi yuko ndani ya shamba lenyewe.

Inavyopita hadi kwa mtoto

Dawa humfikia mama kwa njia tatu: anaivuta kwa pua, inapenya kwenye ngozi, au inaingia mdomoni kupitia chakula, maji na mikono isiyonawa. Ikishaingia kwenye damu, baadhi ya kemikali hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Kundi la dawa lililochunguzwa zaidi ni oganofosfeti, ambamo imo klorpirifosi. Dawa hizi humuua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Mishipa ya fahamu ya binadamu hutumia kemikali ile ile ya kupeleka ujumbe, na mtoto aliye tumboni ndiyo kwanza anaijenga. Tena mwili wake bado hauna nguvu ya mtu mzima ya kuivunja sumu hiyo.

Katika Bonde la Salinas, pia California, watafiti wakiongozwa na Brenda Eskenazi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwaandikisha wajawazito 601 mwaka 1999 na 2000, wengi wao wakitoka katika familia za vibarua wa mashambani. Walipima mabaki ya dawa kwenye mkojo wa akina mama, kisha wakawafuatilia watoto kwa miaka mingi.

Mama waliokuwa na mabaki mengi ya oganofosfeti walielekea kujifungua mapema kidogo. Watoto walipofika miaka saba, wale ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi walipungukiwa takriban pointi 7 kwenye kipimo cha akili, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2011.

Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu klorpirifosi mwaka 2020. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Tanzania ikiwa mmojawapo, zilikubaliana kuiweka kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, ingawa matumizi kadhaa yaliachwa yaendelee kwa muda. Mkulima mwenye kopo la zamani stoo asome lebo kabla ya kulifungua.

Somo la popo

Utafiti mwingine wa Marekani unamgusa mkulima kwa njia ya pekee, kwa sababu unahusu marafiki wa shamba. Mwaka 2006 kuligunduliwa ugonjwa wa kuvu unaoshambulia popo, ukasambaa wilaya hadi wilaya na kuua popo kwa mamilioni. Popo wa kule hula wadudu usiku kucha, wakiwemo wadudu wa mazao.

Eyal Frank, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alilinganisha wilaya zilizopoteza popo na zile ambazo ugonjwa ulikuwa haujafika. Matokeo yake yalitoka katika jarida la Science mwaka 2024. Popo walipokufa, wakulima waliongeza dawa za wadudu kwa takriban asilimia 31. Katika wilaya hizo hizo, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja visivyotokana na ajali viliongezeka kwa karibu asilimia 8.

Somo lake ni kwamba kila mdudu anayeliwa na popo, ndege, buibui au nyigu ni mdudu ambaye hujamnunulia dawa. Anayepuliza dawa kali ovyo huwaua marafiki hao kwanza, kisha analazimika kupuliza zaidi.

Maji nayo ni njia. Nchini Brazil, kilimo cha soya kilipopanuka katika miaka ya 2000 na matumizi ya dawa ya magugu ya glaifoseti yakaongezeka, watafiti walichunguza watu walioishi upande wa chini wa mito inayopita kwenye mashamba hayo. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa takriban asilimia 5. Watu hao hawakuwa jirani na shamba, walikuwa jirani na mto.

Hali ya mashambani kwetu

Hapa nchini, watafiti wakiongozwa na Aiwerasia Ngowi walichunguza wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Asilimia 68 ya wakulima walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupuliza dawa. Karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja kwenye bomba moja.

Mkulima mwenyewe akiugua kichwa, ngozi ikamwasha na macho yakatoa machozi, ni wazi kwamba dawa haikuishia kwenye majani. Na kama imemfikia yeye, imeingia nyumbani pamoja naye, kwenye nguo, viatu na mikono.

Tangu wakati huo shinikizo limeongezeka. Mwaka 2014 aliingia nchini nondo mharibifu wa nyanya ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze. Wengi walimkabili kwa kuongeza dawa na kuongeza mizunguko ya kupuliza, na mdudu huyu anajulikana kwa kuzizoea dawa haraka. Fedha zikatoka, nyanya hazikupona, na ukungu wa dawa ukazidi kuzunguka nyumba.

Kupunguza dawa bila kupoteza zao

Ukisoma tafiti hizo pamoja, swali la kujiuliza nyumbani ni hili: tunafanya nini kinachomsogeza mjamzito kwenye kundi la wanaopata dawa nyingi? Hatua zifuatazo zinamrudisha nyuma.

Kwanza, kagua kabla ya kupuliza. Pita shambani mara mbili kwa wiki, geuza majani, hesabu wadudu. Acha kupuliza kwa kalenda. Tuseme mkulima amezoea kupuliza kila wiki kwa wiki 12. Ukaguzi ukionyesha kuwa mizunguko minne haikuwa na sababu, ameokoa theluthi moja ya fedha za dawa, maji na kibarua, na hewa inayozunguka nyumba imepata nafuu hiyo hiyo.

Pili, tumia njia nyingine pale inapowezekana. Mitego ya harufu inayovutia madume ya kantangaze humwonyesha mkulima mapema kama mdudu ameingia. Kung'oa mabaki ya nyanya baada ya mavuno, kuzika matunda yaliyotobolewa na kubadilisha mazao humnyima mdudu makazi.

Tatu, soma upepo. Rusha vumbi kidogo uone linakoelekea. Puliza asubuhi au jioni kukiwa na upepo mwanana unaokwenda mbali na nyumba, yako na ya jirani. Upepo ukielekea jikoni, ahirisha. Shusha mdomo wa bomba karibu na zao, na badilisha nozeli iliyochakaa, kwa sababu inapoteza dawa na fedha kwa pamoja.

Nne, acha nafasi. Mistari iliyo karibu kabisa na nyumba ipande mazao yasiyohitaji dawa, kama magimbi, migomba au viazi vitamu. Ua wa miti au matete yaliyosongamana huzuia sehemu ya ukungu wa dawa. California imeweka sheria ya aina hii: tangu mwaka 2018, wakulima hawaruhusiwi kupuliza kwa njia zinazosambaza dawa mbali ndani ya mita 400 hivi kutoka shule na vituo vya kulelea watoto, siku na saa za masomo.

Tano, mjamzito asichanganye dawa, asipulize, asioshe bomba wala asifue nguo za mpuliziaji. Mpuliziaji afue zake mwenyewe, kando na za familia, na aoge kabla ya kumbeba mtoto au kukaa mezani. Siku ya kupuliza, mama aende kwa jirani au sokoni, nguo zianuliwe, maji na chakula vifunikwe.

Sita, heshimu muda wa kukaa nje ya shamba. Lebo husema ni saa au siku ngapi zipite kabla ya mtu kuingia kupalilia, na siku ngapi kabla ya kuvuna. Kazi ya kupalilia na kuchuma mara nyingi ni ya wanawake, hivyo anayeumia kwa kutosoma lebo si yule aliyepuliza.

Saba, dawa isilale chumbani wala jikoni. Ipate kasha lenye kufuli nje ya nyumba. Kopo tupu lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha litobolewe lisije likabeba maziwa au mafuta ya taa. Bomba lisioshwe mtoni wala kisimani.

Kwa wenye maduka ya pembejeo

Wauzaji nao wana sehemu yao. Desturi ya kupima dawa kidogo kidogo kwenye chupa za soda inamnyima mkulima lebo, na bila lebo hajui kipimo, siku za kusubiri wala rangi ya hatari.

Rangi hizo ziko chini ya lebo na hazihitaji elimu kubwa. Nyekundu ni hatari zaidi, inafuata ya njano, kisha bluu, kisha kijani. Kijani nayo haimaanishi kuwa dawa ni maji ya kunywa. Mteja akisema nyumbani kuna mjamzito, muuzaji mwaminifu humwonyesha dawa yenye hatari ndogo inayofanya kazi ile ile, hata kama faida ni ndogo. Mteja huyo atarudi.

Muuzaji pia ajiangalie. Duka lisilo na madirisha, lenye makopo yanayovuja, si mahali pa mjamzito kushinda kutwa wala pa kumlaza mtoto mchanga nyuma ya kaunta.

Usajili na udhibiti wa dawa hizi nchini, uliokuwa chini ya taasisi ya utafiti ya TPRI ya Arusha, sasa uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa isiyo na namba ya usajili usiinunue na usiiuze.

Vibarua wana haki

Kwa wenye mashamba makubwa ya maua na mboga, jambo hili si la hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi iliyo hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kibarua asiyejua hilo huficha mimba yake ili asikose siku ya kazi, na huificha katika miezi ya mwanzo ambayo viungo vya mtoto ndiyo vinaumbwa.

Mwajiri mwenye busara hutangaza mapema kwamba mjamzito atahamishiwa kazi nyingine bila kupoteza ujira. Asiposema hivyo, hataambiwa.

Mwambie muuguzi

Si kila njiti au mtoto mwepesi amesababishwa na dawa za shambani. Malaria, upungufu wa damu, lishe duni na kazi nzito hadi wiki za mwisho vyote vina mkono wao, na vyote vipo vijijini. Mjamzito aanze kliniki mapema, atumie vidonge vya kuongeza damu, alale kwenye chandarua na apunguziwe ndoo na jembe.

Akiwa kliniki, aseme mambo mawili ambayo kwa kawaida hayaulizwi: kwamba anaishi kando ya shamba, na ni dawa gani zinazotumika humo. Akiwahi kutapika, kuona ukungu machoni au kutetemeka baada ya dawa kupulizwa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na apeleke lebo ya dawa.

Shamba ndilo linalomlisha mama huyo, ndilo litakalomlisha mtoto na kumpeleka shule, na hakuna mtafiti aliyesema lihamwe. Tafiti hizi zimeonyesha kwamba kiasi ndicho kinachoamua, na kiasi kiko mikononi mwa anayebeba bomba. Msimu ujao, kabla ya kulijaza maji, atazame kwanza upepo unaelekea wapi na nani amekaa upande ule.